Mwene Alikuwa Mawindoni



Mgeni akishuka stendi ya Sumbawanga, mkoani Rukwa, akamwambia kijana wa bodaboda ampeleke Milanzi, kwenye mlima Itwelele, asishangae kijana akimjibu kwa upole: "Mzee, kule juu hakuna kitu." Kijana hamdanganyi mtu. Hekalu hakuna. Mnara hakuna. Ngazi za mawe na sanamu ndiyo usiseme. Kuna mlima, kuna nyasi, kuna upepo wa Ufipa ambao mwezi wa saba hupenya hadi ndani ya sweta. Basi mazungumzo yangu ya leo ni juu ya hicho kisichokuwepo, na nitawazungusha kidogo. Nitawapeleka kwanza kwenye mlima wa Wabudha, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, ndipo tuurudie wa kwetu.

Wabudha wenyewe si watu wa mbali kama tunavyodhani. Pale Upanga, Dar es Salaam, wana hekalu lenye umri wa karibu miaka mia moja, lililoanzishwa na Wasinhala waliotoka Ceylon, Sri Lanka ya leo, enzi za Mwingereza. Uwanjani pake pana mti wa Bo, jamaa wa mtini, ambao Wabudha wanauheshimu kwa sababu Budha alipata mwangaza akiwa ameketi chini ya mti wa aina hiyo. Uganda nako, karibu na Entebbe, mtawa mzaliwa wa nchi ile, Bhante Buddharakkhita, alianzisha kituo cha Wabudha mwaka 2005. Kwa hiyo msidhani hizi ni habari za kwenye filamu za kareti tu.

Mlima niliowaahidi unaitwa Mihintale. Uko Sri Lanka, kilomita kama 13 mashariki ya mji wa kale wa Anuradhapura. Mtu wa Sumbawanga, aliyezaliwa na kukulia karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, angeuona Mihintale akauita kilima, tena angecheka. Lakini kilima hicho kina ngazi 1,840 za mawe, na kila mwaka, mwezi unapokuwa mpevu mwezi wa sita, watu wasiohesabika huzipanda wakiwa wamevaa nguo nyeupe. Vikongwe hushikwa mikono, watoto hubebwa mabegani. Sikukuu hiyo wanaiita Poson.

Ukiwa njiani unakuta magofu ya jumba la chakula la watawa. Kuna mabirika mawili ya mawe, marefu kama mitumbwi. Moja lilikuwa la wali, jingine la uji. Mimi magofu ya namna hii hunivutia kuliko minara, kwa sababu yananieleza kwamba watu walioishi mlimani walikuwa wanakula, na kwamba kuna mtu kila asubuhi alikuwa na kazi ya kuhakikisha uji umefika. Hilo la uji nitalirudia.

Juu kwenye uwanda mnavua viatu. Jua likiwa limewaka, jiwe linachoma nyayo na kila mtu anatembea kwa haraka isiyo ya heshima sana. Kuna kuba jeupe mahali panapoitwa Ambasthala, na kuna mwamba umechomoza peke yake, Aradhana Gala, umechongwa vikanyagio na kuwekewa vyuma vya kushikilia, maana upepo kule juu hauna mzaha. Ukifika kileleni mwa mwamba huo dunia yote iko chini yako: misitu, mashamba ya mpunga, malambo makubwa yaliyochimbwa na wafalme wa kale, na mbali kule makuba ya Anuradhapura yamejitokeza juu ya miti.

Watu wengi hupanda kwa ajili ya mandhari hiyo, wakapiga picha, wakashuka. Siwalaumu. Lakini mwamba ule una hadithi, na hadithi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike mazungumzo haya, kwa sababu nilipoisoma nilidhani naisoma habari ya Milanzi.

Inasimuliwa hivi. Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, siku ya mwezi mpevu, mfalme wa kisiwa kile, Devanampiya Tissa, alikuwa mawindoni. Alikuwa anamfukuza kulungu mlimani. Ghafla akasikia anaitwa kwa jina lake tupu, "Tissa!", bila heshima wala utangulizi. Sasa nani katika nchi nzima angethubutu kumwita mfalme hivyo? Akageuka akamwona mtu aliyenyoa kichwa, amevaa vazi la mtawa. Alikuwa Mahinda, mwana wa Ashoka, mfalme mkuu wa India. Na wanasema Mahinda hakuja kwa miguu wala kwa jahazi. Alipita angani akatua juu ya ule mwamba.

Mtawa hakuanza kuhubiri. Alitaka kwanza kujua kama huyu mwindaji ana akili. Akamwonyesha mti uliokuwa karibu, akamuuliza ni mti gani. Mwembe. Akauliza kama iko miembe mingine zaidi ya huu. Iko mingi. Je, zaidi ya mwembe huu na miembe ile, kuna miti mingine? Ipo, ila si miembe. Na ukiacha miembe ile mingine, na ukiacha miti isiyo miembe, umebaki mti gani? Mfalme akajibu: umebaki mwembe huu huu. Mtawa akaridhika. Mtihani wa darasa la pili, utasema. Lakini jaribu kumuuliza mtu anayehema, ana mshale mkononi, na kulungu wake ametoroka.

Mfalme akaipokea dini ya mgeni. Akaendelea kutawala. Mlima akamwachia mtawa na wenzake. Kiti cha enzi kikabaki kwake kule Anuradhapura, kilimani pakabaki ibada, nayo ipo hadi leo.

Turudi Milanzi.

Simulizi za Wafipa, wenyeji wa nyanda hizi za Sumbawanga, zinasema mtu wa kwanza, Ntatakwa, alidondoka kutoka mbinguni, na alipotua palikuwa Milanzi. Wazee waliihesabu Milanzi kuwa kijiji kisichokoma, kijiji kilichokuwepo kabla ya vijiji. Wazao wa Ntatakwa wakawa ndio wenye nchi, na Mwene wa Milanzi ndiye aliyekuwa mkubwa wa Ufipa yote.

Siku moja Mwene akaenda mawindoni. Kabla hajaondoka aliwaonya wa nyumbani kwake: watakuja wageni, na wakija, kiti changu msiwape. Akaondoka na mikuki yake. Wageni wakaja kweli, na walikuwa wanawake. Hawakuja na jeshi. Walikuja na maneno, na werevu, na ule utulivu wa mtu anayejua anachokitafuta. Aliyeachiwa kiti akashindwa kukilinda, wakaketi. Mwene aliporudi akakuta ufalme una mwenyewe mwingine.

Hapo ndipo ningetarajia vita. Hadithi nyingi za namna hii huishia kwenye damu. Hii haikuishia huko. Yalifanyika makubaliano: wageni wakachukua nchi, Mwene akabaki na mlima wake na viunga vyake, na pamoja na mlima akabaki na ukubwa wa mambo ya ibada. Ukoo wa wale wanawake ndio Watwachi, na msiwachanganye na Watwa wa misitu ya Kongo. Baadaye ukoo huo uligawanyika, zikatoka dola mbili, Nkansi na Lyangalile, zilizopigana na kupatana hadi Wajerumani walipofika. Jina la Nkansi mnalo bado, liko kwenye vibao vya Wilaya ya Nkasi.

Sasa ziweke hadithi hizi mbili pamoja. Mtu ametoka mbinguni akatua mlimani. Mfalme yuko mawindoni. Wageni wanatokea ambao nguvu yao iko katika maneno. Sri Lanka wageni walipewa mlima na mwenyeji akabaki na kiti. Ufipa wageni walipewa kiti na mwenyeji akabaki na mlima. Sisemi kwamba hadithi moja imezaa nyingine. Bahari ni pana mno, na watu wanaotafuta asili ya kila kitu cha Mwafrika huko Asia wametuchosha. Ninachosema ni kwamba mahali pawili, watu waliotazama nchi yao kutoka juu walifikia wazo moja: kutawala ni kazi moja, na kuutunza mlima ni nyingine, na si lazima zifanywe na mtu mmoja.

Mwanaanthropolojia wa Uingereza, Roy Willis, aliyekuja kukaa na Wafipa miaka ya 1960, aliandika juu ya hadithi hii kwa miaka mingi. Kitabu chake kikubwa kuhusu ufalme wa Ufipa kilitoka mwaka 1981. Yeye alieleza kwamba Wafipa waliuona uhusiano wa Milanzi na Watwachi kama wa kichwa na kiuno. Milanzi ni kichwa: ukubwa, busara, umri. Watwachi ni kiuno: nguvu, uzazi, mwendo. Willis alikuwa na tabia ya kupenda mawazo yanayopangika vizuri, na mimi humsoma kwa tahadhari kidogo. Lakini hapo naona aliwasikia wazee sawasawa. Hata leo ukikaa na wazee wa Kifipa utaona namna wanavyoheshimu mtu mtaratibu, anayesikiliza kwanza na kusema baadaye.

Kuna wanaosema Mwene wa Milanzi alitapeliwa. Labda. Lakini hebu angalieni mambo yalivyokwenda. Nkansi iko wapi? Lyangalile iko wapi? Wajerumani waliingia, wakafuatwa na Waingereza, na mwaka 1963, miaka miwili baada ya uhuru, sheria ya Bunge letu ikafuta utawala wa machifu nchi nzima. Viti vyote vya enzi vikawa samani. Mlima uko palepale, na Milanzi leo ni kata ya Manispaa ya Sumbawanga, ina diwani, na wakazi wake wanasumbuliwa na mambo ya maji na barabara kama wa kata nyingine yoyote.

Ukipanda, nenda wakati wa kiangazi. Masika ya Ufipa, kuanzia Novemba hadi Aprili, hayapatani na viatu vya mjini. Nenda asubuhi kabla vumbi halijaamka. Na kabla ya yote pita kwa wenyeji, ofisi ya kata au kwa mzee atakayekuelekeza, useme umekuja kutazama na kusikiliza. Mlima wa ibada haupandwi kimyakimya kama mtu anayekagua paa la jirani.

Kinachoonekana juu kinataka jicho lililofundishwa kidogo. Mabati ya mji utayaona, hayo hayahitaji mwalimu. Barabara ya lami ya kutoka Tunduma pia, ile iliyojengwa kwa fedha za Wamarekani. Walioisafiri zamani kwa lori wanajua kwa nini naitaja kwa heshima. Lakini tazama mashamba. Ukibahatika kuja mwishoni mwa mvua utaona shamba lina vivimbe, kimoja baada ya kingine, hadi macho yanachoka. Hizo ni ntumba. Mkulima wa Kifipa hukata nyasi na udongo wake, akavigeuza na kuvirundika viwe tuta la mviringo, nyasi zikaoza ndani. Hupanda maharage juu yake. Msimu unaofuata tuta linabomolewa na kusambazwa, ulezi unaoteshwa kwenye udongo ulioshiba. Nyanda hizi zina miti michache. Yule wa kuchoma miti apate majivu ya mbolea angekufa njaa hapa. Mfipa akatumia kile alichonacho kwa wingi, nyasi. Mbolea hii ilikuwa ikitengenezwa hapa kabla ya bwana shamba yeyote kuvaa buti.

Na uliza habari za malungu. Hayo ni matanuru ya kuyeyushia chuma, yaliyojengwa kwa udongo wa kichuguu, marefu kumzidi mtu, mengine kufikia mita tatu. Hayakuwa na mivukuto. Yalijengwa marefu makusudi ili moto uvute hewa wenyewe kupitia matundu ya chini. Baadaye chuma kilichotoka humo kilisafishwa katika tanuru dogo, kintengwe, na hilo ndilo lililokuwa na mivukuto. Profesa Bertram Mapunda, mwanaakiolojia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alizunguka pande za Nkansi akiyachunguza matanuru haya. Mengine bado yamesimama mashambani, yamezungukwa na mahindi, ng'ombe wanajikuna ubavu. Fundi mkuu alikuwa na kapu lake la dawa, na tanuru lilishughulikiwa kama bibi arusi: lilipambwa, na kazi yake ilikuwa na miiko. Kwa hiyo ukiuliza Wafipa walijenga nini kwa ajili ya ibada, jibu mojawapo ni hilo. Walijenga kitu kilichotoa jembe.

Pamoja na hayo, milima, maporomoko na vilindi vya maziwa vilikuwa na pepo wake wa mahali, na chatu alihesabiwa kuwa sura yao. Palikuwa na watu wenye kazi ya kuwahudumia. Baada ya wamisionari wa Kikatoliki, wale White Fathers, kushika ngome ya Karema mwaka 1885 na kusambaa kupanda nyanda za juu, mambo hayo yaliitwa upagani, na bado kuna wazee wanaozungumza juu ya Itwelele wakishusha sauti, wakiangalia kama katekista yuko karibu. Mimi ni mtu wa kanisani, na sioni kwa nini nishushe sauti. Kujua babu yangu alikuwa anaheshimu nini si kosa la kuungama.

Mnisamehe, nimeacha jambo moja la mandhari. Kutoka Milanzi usitarajie kuliona Ziwa Rukwa. Liko upande wa pili wa milima ya Mbizi, chini kabisa bondeni, mita kama 1,000 chini ya mahali uliposimama. Kuliona inabidi uende Mbizi, upite kwenye msitu wenye mbega wekundu, ufike ukingoni ambapo ardhi inakatika. Hapo hata mtu msemaji hunyamaza. Ziwa halina mto unaotoka, kwa hiyo miaka ya mvua linapanuka na miaka ya ukame linasinyaa, na aliyelichora kwenye ramani jana anaweza kuonekana mwongo kesho. Mwaka 2016 wanasayansi wa Uingereza walitangaza kwamba chini ya bonde hilo kuna gesi nyingi ya heliamu, na tangu hapo wanaolitazama bonde kutoka juu wameongezeka, wengine wakiwa na mashine.

Mwaka 1880 alipita huku Mskoti Joseph Thomson, kijana wa miaka ishirini na ushei aliyeachiwa msafara baada ya kiongozi wake kufariki njiani. Aliwakuta Wafipa wanalima na kufuma nguo za pamba, akawasifu. Akaliona ziwa kutoka kwenye nyanda za juu, akalipa jina: Ziwa Leopold. Wajerumani nao walipojenga boma Kasanga, kwenye Ziwa Tanganyika, wakapaita Bismarckburg. Nani leo anasema anakwenda Bismarckburg kununua migebuka? Majina yale yalichapwa kwenye ramani nzuri za Ulaya, yakakosa mtu wa kuyasema jioni akiwa anaota moto. Rukwa na Kasanga yalikuwa na watu wa kuyasema.

Mlima nao huhitaji watu wake, na hapa ndipo ninaporudi kwenye uji wa Mihintale.

Katika karne ya 10, mfalme mmoja wa kule, Mahinda wa Nne, aliweka pale mlimani mabamba mawili ya mawe yaliyochorwa maandishi. Mgeni hudhani ni maneno matakatifu. Siyo. Ni kanuni za kuendesha monasteri: nani analipwa nini, kuanzia karani hadi mpishi, hesabu zitunzwe vipi, watawa waamke na kuishi vipi. Palikuwa hadi na hospitali, na birika la jiwe la kumlazia mgonjwa kwenye dawa bado lipo. Kwa maneno mengine, kilichoufanya mlima ule uheshimiwe kwa miaka zaidi ya 2,000 ni makuba, ndiyo, lakini pia ni mshahara. Makuba hubomoka. Misitu ya Sri Lanka imemeza mangapi! Yule aliyelipwa kufagia ndiye aliyeyaokoa.

Sisi tulipofuta machifu mwaka 1963 tulikuwa na sababu zetu, na sitaki kuzifufua leo. Taifa changa halikutaka wakubwa wawili ndani ya kijiji kimoja. Ila hatukujiuliza ile kazi nyingine, ya kuwa kichwa, ya kukaa na mlima na kuusimulia, itafanywa na nani na atakula nini. Kanisa lina paroko. Msikiti una imamu. Shule ina mwalimu mkuu. Itwelele ina nani? Ina wazee wachache wenye kumbukumbu, wasiolipwa na yeyote, na wajukuu wanaotazama simu.

Sheria yetu ya Mambo ya Kale, ya mwaka 1964, inalinda moja kwa moja vitu na majengo yaliyofanywa na mikono ya watu kabla ya mwaka 1863. Ni sheria nzuri kwa Kilwa na Bagamoyo. Lakini mlima ambao watu waliamua kwa makusudi kutoujenga unahitaji waziri autangaze. Sheria inatafuta ukuta. Yule kijana wa bodaboda, aliyesema hakuna kitu, anafikiri kama sheria yake.

Wenzetu wa pwani ya Kenya walipita hapo. Makaya ya Wamijikenda ni misitu. Ndani hukuti jumba la kifahari, unakuta miti, makaburi, njia, na makatazo. Mwaka 2008 UNESCO iliingiza kadhaa kati yake katika orodha ya urithi wa dunia, misitu yenyewe, inayolindwa na wazee. Kaya Kinondo, kusini mwa Mombasa, hupokea wageni. Unafungwa kaniki, unaambiwa usichume hata jani, na unatembezwa na mtu wa pale anayejua kila mti ni dawa ya nini. Mtalii analipa, mtembezaji anapata, msitu unabaki. Wala hakuna aliyesema lazima kwanza pajengwe kitu ili papigwe picha.

Nasikia mara kwa mara, kwenye vikao vya maendeleo, watu wakisema Sumbawanga nayo iwe na kivutio. Mmoja anataka sanamu kubwa ya Ntatakwa akiwa anadondoka. Mwingine anataka mgahawa kileleni, wenye muziki. Wa tatu anataka geti. Mimi nikiulizwa, na hakuna aliyeniuliza, ningezitumia fedha hivi. Kwanza wazee wanaoijua hadithi warekodiwe kwa Kifipa, kila mmoja kwa namna anavyoisimulia, hata kama wanapingana. Wakipingana ndiyo raha yenyewe. Pili waajiriwe vijana wawili wa Milanzi wafundishwe na wazee hao, walipwe kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe, mgeni aje asije. Tatu choo, kiwe chini, mbali na mlima. Nne waziri aombwe atie sahihi.

Geti lisubiri bajeti ya mwaka mwingine.